Risasi iwe chemba au chemba iwe tupu?

SWALI: Ndugu mkufunzi, habari za kazi. Ninamiliki bastola ya milimita 9 na nina kibali cha kuibeba ikiwa imefichwa. Haina kizuizi cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. Kizuizi pekee ninachokiona ni ule ulimi mdogo ulio kwenye kifyatulio chenyewe. Mwalimu aliyenifundisha shabaha anasisitiza niibebe risasi ikiwa chemba, yaani ikiwa tayari ndani ya tundu la nyuma ya mtutu inamofyatuliwa. Shemeji yangu, aliyewahi kuwa askari, anasema huo ni wazimu, na kwamba mtu mwenye akili hubeba chemba tupu na kukoki, yaani kuvuta slaidi, kile chuma cha juu, ili risasi iingie chemba, pale hatari inapotokea. Kwa sasa ninamfuata shemeji. Ninaichomeka kiunoni chini ya shati, na siku nyingine ninaiweka kwenye kimfuko laini cha kitambaa nilichokinunua pamoja nayo. Ninaogopa isije ikafyatuka yenyewe nikiwa nimeketi au nikiinama. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, umeandika sentensi nyingi kuhusu chemba na sentensi moja tu, tena ya kupitia, kuhusu mahali bastola yako inapokaa. Maswali ninayoulizwa juu ya jambo hili karibu yote yameandikwa hivyo, na kwa sababu hiyo huenda nikakujibu kwa ukali kuliko unavyostahili wewe peke yako.

Kwa bastola ya muundo unaoueleza, ikiwa nzima, ikiwa imekaa ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na ikiwa kwa mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara, mwalimu wako yuko sahihi: silaha hiyo ilibuniwa ibebwe risasi ikiwa chemba. Kwa bastola hiyo hiyo ikiwa imechomekwa kiunoni bila ala, au imetumbukizwa katika kimfuko cha kitambaa, mwalimu wako hayuko sahihi na shemeji yako hayuko sahihi pia, kwa kuwa silaha inayobebwa namna hiyo haikupaswa kutoka katika kasha lake, chemba iwe na kitu au isiwe na kitu.

Hofu yako ya kwamba itafyatuka ukiketi ina jibu la kiufundi. Risasi haitoki mpaka pini iigonge kwa nguvu ya kutosha fataki inayowasha baruti, iliyo kitakoni mwa ganda, na katika bastola nyingi za kisasa njia ya pini hiyo imezibwa na kipande kidogo cha chuma kinachoshikiliwa na springi, ambacho hakiondoki njiani mpaka kifyatulio kivutwe karibu na mwisho wa safari yake. Bastola ya Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwanzoni mwa miaka ya 1980 na ambayo muundo wake umeigwa na watengenezaji wengi tangu wakati huo, ina vizuizi vitatu vinavyoachia kimoja baada ya kingine kadiri kidole kinavyovuta: ulimi ulio kwenye kifyatulio, kizuizi cha pini, na kingo za ndani zinazozuia mkono wa kifyatulio usiteleze bastola inapodondoka. Pini yenyewe hukaa ikiwa imekokiwa kwa sehemu tu, na ni kidole kinachoimalizia. Kuketi, kuinama au kukimbia hakuna namna ya kuvifungua vizuizi hivyo. Kinachovifungua ni kitu kilichoingia ndani ya pete ya kifyatulio na kusukuma kuelekea nyuma, nao ulimi ule unaoutegemea hautofautishi kidole na pindo la shati, kamba ya koti, ufunguo wa mfukoni au ukingo wa mfuko laini uliojikunja. Wewe, kwa kuichomeka chini ya shati bila ala, unakipelekea kifyatulio pindo la nguo kila asubuhi.

Shemeji yako hakubuni ushauri wake, na nisingependa umdharau. Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya Colt ya mwaka 1873 ilikuwa na nafasi 6 za risasi, lakini pini yake ilikuwa sehemu ya nyundo, na nyundo ikilala ncha ya pini ilikuwa juu ya fataki, kiasi kwamba pigo moja kwenye nyundo lilitosha kuifyatua. Waliozijua waliweka risasi 5 na kuilaza nyundo juu ya nafasi tupu. Mwishoni mwa mwaka 1944 kampuni ya Smith & Wesson ililazimika kubadilisha kizuizi cha nyundo katika rivolva zake za kijeshi baada ya moja kudondoka melini na kumuua baharia. Bastola ya Kisovieti ya TT-33, ambayo imetembea katika majeshi mengi duniani, haikuwa na kizuizi chochote cha mkono, bali pengo tu katika nyundo linaloishika ikiwa nusu imekokiwa, na pengo hilo likichakaa halimkingi mtu. Bastola ya Makarov, iliyoingia katika jeshi la Kisovieti mwaka 1951, ina kizuizi kizuri cha mkono ambacho pia hushusha nyundo, lakini pini yake haina kizuizi cha ndani. Kama ungeniandikia kwamba una TT-33, ningekujibu kwa mstari mmoja: chemba tupu, bila mjadala. Ushauri wa shemeji yako ulikuwa wa haki kwa silaha za namna hiyo, ila silaha zimebadilika, nao ushauri umebaki ukirithishwa kama ulivyo.

Sisemi kwamba bastola ya kisasa haiwezi kuwa na kasoro. Kiwango cha SAAMI, chombo cha watengenezaji silaha nchini Marekani, kinataka bastola idondoshwe kutoka futi 4, yaani takriban mita 1.2, katika mikao mbalimbali, na isifyatuke. Bastola ya SIG P320 ilikuwa imekidhi viwango vya aina hiyo, na bado mwaka 2017 kampuni ilitangaza mpango wa hiari wa kuzirekebisha bila malipo baada ya majaribio ya nje kuonyesha kwamba ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Madai mengine juu ya bastola hiyo yamefika mahakamani, na kampuni inayakanusha. Kwa hiyo andika aina na namba ya silaha yako, uulize kwa mtengenezaji kama kuna marekebisho yaliyotangazwa, na kama yapo yafanyiwe kazi kabla hujaweka risasi hata moja chemba. Ndiyo hali pekee, kwa bastola ya kisasa ambayo haijachezewa, ambapo ninaupokea msemo wa “ilifyatuka yenyewe” bila kuuliza kidole kilikuwa wapi.

Kuhusu kukoki pale hatari inapotokea, hesabu haimpendelei shemeji. Mwaka 1983 Dennis Tueller, polisi wa Salt Lake City, alieleza kwamba mtu mwenye kisu aliye umbali wa futi 21, karibu mita 6 na nusu, humfikia mwenzake kwa takriban sekunde moja na nusu, muda ambao askari aliyefunzwa huhitaji ili kuchomoa tu na kupiga. Muda wa kukoki haumo katika hesabu hiyo, wala muda wa kutambua kwamba unashambuliwa. Kibaya zaidi, kukoki kunahitaji mikono miwili, na katika shambulio la karibu mkono wa pili huwa una kazi nyingine: unamsukuma mshambuliaji, umemshika mtoto, umeshikwa, au umeumia. Mtu mwenye hofu huivuta slaidi nusu na kuiachia, risasi ikakwama mlangoni mwa chemba, akabaki na pande la chuma mkononi. Wapo watakaokutajia askari wa Israel, waliofundishwa kubeba chemba tupu tangu enzi ambapo walikuwa na mchanganyiko wa bastola za kila asili, nyingine zikiwa na vizuizi visivyoaminika. Ni kweli, lakini askari hao walirudia mwendo mmoja wa kuchomoa na kukoki mara maelfu. Wanaowaiga huiga ile chemba tupu, kwa sababu haiwagharimu jasho, na kuyaacha mazoezi.

Na hapa niseme jambo la pembeni. Mtu huyo huyo anayetetemeka kusikia habari ya risasi chemba hubeba rivolva yenye risasi 5 au 6 bila wasiwasi wowote, na akitaka kuwa mwangalifu huacha nafasi iliyo chini ya nyundo ikiwa tupu, kama walivyofanya watu wa 1873. Katika rivolva ya kisasa ya kuvuta moja kwa moja, ambayo mvuto mmoja wa kifyatulio huikoki na kuifyatua, hatua hiyo haimkingi hata kidogo, kwa kuwa kifyatulio kikivutwa silinda huzunguka na kuleta risasi inayofuata mbele ya nyundo. Kinachomkinga ni ule uzito na urefu wa safari ya kifyatulio, ambao mara nyingi hufika kilo 5, pamoja na ala inayokifunika. Haoni hilo, kwa sababu ameshajiaminisha kwamba usalama ni nafasi tupu.

Imani hiyo ndiyo inayonichosha kuliko zote katika kazi hii. Chemba tupu si kizuizi cha usalama. Ni habari tu kuhusu silaha, habari isiyoonekana kwa nje, inayoweza kubadilika kwa mvuto mmoja wa slaidi, na inayokaa katika kumbukumbu ya mtu ambaye kumbukumbu yake ni dhaifu kama yangu na yako. Kizuizi cha kweli hufanya kazi ukiwa umesahau. Chemba tupu hufanya kazi ukiwa umekumbuka tu. Nimewaona wengi wenye desturi ya chemba tupu, na karibu wote wana alama moja inayofanana: wanaishika bastola kwa ulegevu. Kidole kinalala kwenye kifyatulio wanapozungumza, mtutu unapita miguuni mwa watu, wanampa mgeni aitazame, na ukiwakemea wanajibu kwa utulivu kamili, “haina kitu.” Kisha siku moja wanaikoki kwa sababu ya mlio usiku, hawamwoni mwizi, wanairudisha kiunoni, na asubuhi wameshasahau kwamba jana usiku ile habari ilibadilika. Kuanzia hapo wanatembea na risasi chemba bila ala, bila kidole chenye adabu na bila kujua, hali ambayo ni ya hatari kuliko yote tuliyokwisha kuyajadili.

Kwa hiyo ukiamua kumfuata mwalimu wako, mfuate kwa ukamilifu, na kitu cha kwanza ni ala. Iwe ya plastiki ngumu au ngozi nene iliyofinyangwa kwa aina hasa ya bastola yako. Ifunike pete yote ya kifyatulio kiasi kwamba huwezi kukifikia hata kwa kukisukuma kutoka nje. Mdomo wake ubaki wazi bastola ikitolewa, usijikunje kama mfuko wa nguo. Na ishike imara kwenye mkanda wenye nguvu. Kimfuko ulichouziwa hakina hata sifa moja kati ya hizo. Anayekiuza pamoja na bastola anajua, au alipaswa kujua, kwamba kitambaa hujikunja na kuingia ndani ya pete ile, na sioni tofauti kubwa kati ya biashara hiyo na ya anayeuza breki za gari za mbao.

Ukishaipata ala, usikimbilie kuweka risasi. Beba bastola ndani yake nyumbani kwa wiki mbili, chemba ikiwa tupu na magazini, yaani kibebea risasi, ikiwa nje, lakini slaidi ikiwa imevutwa na kuachiwa ili pini ikokiwe. Keti, inama, beba mizigo, panda ngazi, na kila jioni itazame: katika bastola za aina ya Glock kifyatulio kilichobaki mbele kinaonyesha kwamba haikufyatuka, na kilichorudi nyuma kinaonyesha kwamba kitu kilikigusa. Jaribio hilo litakupa jibu la ile hofu yako kwa ushahidi wa mwili wako mwenyewe, na likionyesha kwamba ilifyatuka hata mara moja, tatizo lako ni ala au mkono, nawe hutalitatua kwa kubishana kuhusu chemba.

Wakati wa hatari zaidi si wa kutembea wala wa kuketi, ni wa kuirudisha bastola katika ala. Kuichomoa kunaweza kuhitaji haraka. Kuirudisha hakuhitaji kamwe. Nyoosha kidole kando ya bastola juu ya kifyatulio, inua shati kwa mkono wa pili, tazama ndani ya ala kwa macho, kisha iingize polepole, na ukihisi ukinzani wowote simama utoe tena badala ya kusukuma. Kama silaha ina nyundo ya nje, weka gumba juu yake wakati unaiingiza, utaihisi ikianza kurudi kabla ya maafa. Na ikikuponyoka mkononi, iache ianguke; bastola nzima ya kisasa huvumilia sakafu, lakini mkono unaorukia kuidaka hutanguliza vidole, na kidole hupata kifyatulio kwa urahisi wa ajabu.

Nina neno pia kwa mafundi wa kupunguza uzito wa kifyatulio. Bastola ya aina yako hutoka kiwandani na mvuto wa takriban kilo 2 na nusu. Fundi wa pembeni anasugua chuma hapa, anabadilisha springi pale, anakurudishia silaha “laini” inayovutika kwa kilo moja, na hakuambii kwamba ulaini ule ameupata kwa kupunguza eneo ambalo sehemu mbili za chuma zinashikana, au kwa kulegeza springi ya kile kizuizi cha pini nilichokueleza. Wengine hukiondoa kabisa. Baada ya hapo yote niliyoyasema kuhusu vizuizi vya ndani hayaihusu tena silaha yako, na unabeba chuma cha mwaka 1873 chenye sura ya kisasa. Kama bastola yako imewahi kupita mikononi mwa fundi wa aina hiyo, au umeinunua kwa mtu na huijui historia yake, ipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji aikague kabla ya jambo lolote jingine.

Wengi wakishakubali ushauri wa risasi chemba hujizulia ibada mpya: kuitoa risasi kila jioni na kuirudisha kila asubuhi. Wanadhani wanaongeza usalama, kumbe wanaongeza idadi ya nyakati ambapo kidole, kifyatulio na risasi hukutana. Risasi ile ile ikigongwa kuingia chemba mara nyingi, kichwa chake husukumwa ndani ya ganda, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo siku itakapopigwa laweza kupanda kupita kiasi. Ilinganishe na risasi mpya kwa kuzisimamisha pamoja, na ikiwa fupi iondoe katika matumizi. Wapo pia wanaofunika tundu la kutokea ganda kwa kiganja ili waidake risasi inapotoka, bila kujua kwamba ikibanwa mahali hapo fataki yaweza kugongwa na kile chuma kinachosukuma maganda nje, na ganda likapasuka kiganjani.

Ikiwa ni lazima uitoe, mpangilio hauchezewi. Magazini hutoka kwanza, slaidi huvutwa baadaye. Anayeanza na slaidi huitoa risasi moja na kuingiza nyingine kutoka magazini, kisha huitoa magazini na kusema kwa dhati kwamba bastola haina kitu. Ndiyo maana slaidi ikishafungwa nyuma unatazama chemba kwa jicho na kuigusa kwa kidole, hata kama umeitoa risasi mwenyewe muda huo huo. Kumbuka kwamba bastola nyingi za aina ya Glock haziwezi kufunguliwa kwa ajili ya usafi mpaka kifyatulio kivutwe kwanza, na ule usemi wa “alikuwa anasafisha silaha” mara nyingi unamhusu mtu aliyetoa magazini, hakutazama chemba, akavuta kifyatulio kama kitabu cha maelekezo kinavyomtaka.

Njia bora jioni ni kutoigusa bastola kabisa: fungua mkanda, toa ala na bastola vikiwa pamoja, kifyatulio kikiwa bado kimefunikwa, na uviweke katika kasha la chuma lenye kufuli ambalo ufunguo wake unao wewe. Usiiache juu ya kabati kwa hoja kwamba chemba ni tupu, kwa kuwa watoto wameshaona watu wakikoki bastola kwenye filamu mara nyingi kuliko ulivyofanya mazoezi wewe, na mtoto asiye na nguvu za kuivuta slaidi kwa vidole huitegemeza ukingoni mwa meza akaisukuma kwa uzito wa mwili wake wote.